DEREVA, MOYO WAKO U WAPI?

Msafiri ashukaye kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa Barabara Kuu Namba 5 hupita kwanza milimani. Katika miteremko ya Ngomo upande mmoja ni ukuta wa mlima, na upande wa pili ni shimo ambalo jicho halipendi kulitazama. Hapo dereva hasemi na mtu. Abiria nao hunyamaza; mama humkumbatia mtoto wake, na hata aliyelewa hukumbuka sala. Kisha motokaa hufika Kamanyola. Nchi hutanda, joto la Uwanda wa Ruzizi huingia madirishani, na kila mtu hushusha pumzi. Mbele ni Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange na Kiliba, na mwisho Uvira kando ya ziwa la Tanganyika. Milima imejitenga upande wa magharibi, na njia yaonekana kuwa nyepesi. Hapo ndipo dereva huegemea kiti chake, hufungua maongezi, na mkono wake huanza kuitafuta simu.

Hapo ndipo pia, wasomaji wapenzi, hatari huanza. Kule mlimani hofu ilikuwa mlinzi wa wote. Uwandani hofu imekwisha, na mlinzi aliyebaki ni mmoja tu, yaani uangalifu wa mtu yule aliyeshika usukani. Uangalifu huo ukiondoka hata kwa nukta chache, motokaa haina mtu.

Twajua ya kuwa tangu mwaka 2025 vita vimezivuruga sana safari za barabara hii, na ya kuwa jamaa nyingi za uwanda zina vilio vizito. Hata hivyo kila palipo na utulivu kidogo magurudumu huanza tena kuzunguka, na pikipiki huwa za kwanza kurudi njiani. Kifo cha barabarani hakingoji amani. Kwa hiyo yafaa tuseme habari yake sasa.

BARABARA IPITAYO KATIKATI YA NYUMBA

Luberizi ni kama vijiji vingi vya uwanda: barabara kuu haikizunguki kijiji, hukikata katikati. Nyumba ziko huku na nyumba ziko kule. Mtoto akitumwa chumvi, huvuka. Mama akitoka shambani na mzigo wa mihogo au wa kuni mgongoni, kichwa kimeinama, huvuka. Wachungaji huvusha ng'ombe, na ng'ombe hawajui honi ni kitu gani. Saa ya kutoka shuleni watoto hutembea ukingoni mwa barabara wawili wawili na watatu watatu, wakisukumana na kucheka, kama watoto wa mahali pote. Jioni giza huingia upesi, wala hakuna taa ya kumwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi.

Katika miji mikubwa ya nchi tajiri wamejenga njia za pembeni kwa waendao kwa miguu, wameweka taa za rangi tatu, wamezungushia shule nyua za chuma. Dereva mzembe wa huko aweza kugonga chuma kabla hajamgonga mtu. Kwetu kati ya gurudumu la lori na mguu wa mtoto hakuna kitu ila macho na moyo wa mtu mmoja. Kwa sababu hiyo dereva wa uwanda ana wajibu mzito kuliko dereva wa Brussels au wa Paris. Yeye ndiye taa, yeye ndiye ua, yeye ndiye njia ya pembeni.

HESABU YA DARASANI

Wanafunzi wachukue kalamu na karatasi, wawafanyie wazazi wao hesabu hii jioni ya leo.

Motokaa iendayo kilomita 60 kwa saa hukata kilomita 1 kwa dakika 1. Kilomita 1 ni meta 1000. Dakika 1 ni sekunde 60. Gawanyeni: kila sekunde motokaa imekwenda karibu meta 17. Basi dereva husikia simu inalia, akainama kutazama ni nani ampigiaye. Kutazama huko kwachukua sekunde 2 tu. Katika sekunde hizo motokaa imekwenda zaidi ya meta 33, na katika meta hizo zote hakuna aliyeiongoza.

Tuseme sasa kwamba simu haikulia, bali umeingia ujumbe wa maandishi, na dereva ausoma kwa sekunde 5. Kwa mwendo ule ule motokaa imekwenda meta 83. Kama alikuwa akienda kilomita 80 kwa saa, imekwenda meta 111, ambazo ni urefu wa uwanja wa mpira na zaidi. Mtu akikuambia, “Nifunge kitambaa machoni, nitakimbiza lori kutoka goli hili hata goli lile, na watoto wako wakicheza uwanjani,” utamwita mwenda wazimu. Lakini asomaye ujumbe huku akiendesha afanya jambo hilo hilo, nasi twaketi nyuma yake kimya.

Hesabu haijaisha. Dereva akiinua macho na kumwona mtoto, motokaa haisimami papo hapo. Huchukua kama sekunde 1 kufahamu alichokiona na kupeleka mguu kwenye breki. Hizo ni meta 17 nyingine kwa mwendo wa kilomita 60. Kisha breki zenyewe, zikiwa nzima na njia ikiwa kavu na imara, zahitaji meta 20 au zaidi. Juu ya mchanga na kokoto, au katika matope, au kwa lori kuukuu lililojaa magunia, zahitaji nyingi zaidi. Tena aongezaye mwendo mara mbili, nafasi ya kufunga breki huongezeka mara nne. Haya ni maumbile ya vitu, hayamjui tajiri wala maskini, wala hayasikilizi udhuru.

MACHO YATAZAMA, MOYO HAUONI

Wako madereva wasemao, “Mimi siishiki simu. Naiweka mbele yangu, nasema nayo huku mikono iko kwenye usukani. Macho yangu yako njiani, basi kosa langu ni nini?” Neno hili lastahili jibu, maana lina sura ya haki.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Toronto, nchi ya Kanada, walitangaza uchunguzi walioufanya juu ya madereva 699 waliokuwa na simu na waliopatwa na ajali. Walitazama saa ya ajali, wakailinganisha na orodha za kampuni za simu zionyeshazo saa ya kila mazungumzo. Wakaona ya kuwa dereva anapoitumia simu, hatari ya kugongana huwa mara nne ya ile ya wakati asipoitumia. Tena hawakuona ya kuwa simu zisizoshikwa mkononi zilikuwa salama kuliko zile zinazoshikwa. Wakaona na jambo jingine la kusikitisha: watu 39 katika kila 100 wa madereva hao waliitumia simu baada ya ajali ili kuita msaada. Chombo kile kile kilitangulia hatari, kisha kikatumwa kuita gari la wagonjwa.

Katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwalimu David Strayer na wenzake waliwaweka watu katika chombo kifananacho na motokaa, wakapima macho yao yalielekea wapi. Wale waliokuwa wakizungumza kwa simu bila kuishika walivielekezea macho vitu vilivyokuwa kando ya njia, lakini walipoulizwa baadaye, vingi hawakuvitambua. Macho yalikuwa yamefika, lakini moyo ulikuwa haupo. Wazee wetu hawakuwa na vyombo vya Utah, lakini walisema tangu zamani: mshika mbili moja humponyoka.

Mtu atauliza, “Je, kuzungumza na abiria aliye kando si sawa na kuzungumza kwa simu?” Si sawa kabisa. Abiria ayaona yale ayaonayo dereva. Ng'ombe wakitokea, abiria mwenye akili hukatiza neno lake, pengine hupiga kelele, “Angalia!” Lakini yule aliye katika simu yuko Goma au Kinshasa au Lubumbashi. Haoni ng'ombe. Huendelea kuuliza habari ya deni au ya mahari, na dereva hujiona hana adabu akikaa kimya. Hivyo huvutwa na sauti ya mtu asiyeiona hatari.

SIMU YA KAZI NAYO HUUA

Jioni ya tarehe 24 Julai 2013, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, gari moshi lilikuwa likikaribia mji wa Santiago de Compostela, nchi ya Hispania, mahali ambapo mahujaji huenda kulizuru kaburi la mtume huyo. Mji ulikuwa umejiandaa kwa sherehe. Dereva alikuwa mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi. Simu ya kazi ikalia. Aliyempigia alikuwa mwenzake aliye katika gari moshi lile lile, na maneno yalihusu kazi na safari yao. Mazungumzo yalidumu karibu sekunde 100. Mbele yao palikuwa na kona ambapo gari moshi lilipaswa kwenda kilomita 80 kwa saa. Liliifikia kona likienda kilomita 179. Mabehewa yaliruka reli, na watu karibu 80 wakafa. Sherehe ya mji mzima ikageuka matanga.

Tuangalie vema habari hii. Dereva yule hakuwa mlevi. Hakuwa akicheza. Hakuwa akisema na rafiki habari za mpira. Alijibu simu ya kazi, kwa heshima, kama wengi wetu tungalivyofanya. Hukumu ya mahakama ya mwaka 2024 haikumtia hatiani yeye peke yake, ila na mkubwa mmoja aliyehusika na usalama wa njia ile, kwa kuwa haifai roho za watu wengi zitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja bila msaada wa vyombo. Hilo ni kweli. Lakini kwetu Luberizi vyombo hivyo havipo, na kumbukumbu ya mtu mmoja ndiyo yote tuliyo nayo. Basi tukisema, “Nilijibu kwa sababu lilikuwa jambo la lazima,” tukumbuke Santiago. Jambo la lazima laweza kungoja mpaka motokaa isimame.

SI SIMU PEKE YAKE

Tusiitwike simu makosa yote. Kabla simu za mkononi hazijafika kwetu, moyo wa dereva ulikuwa na njia nyingine za kutoroka. Tutaje zile zijulikanazo sana katika barabara hii.

Kwanza, fedha. Dereva ahesabu nauli huku motokaa yaenda, au agombana na abiria juu ya noti iliyochanika. Kazi hiyo ni ya msaidizi wake, na kama hana msaidizi, ingoje kituoni.

Pili, msongamano. Katika kiti cha mbele hukaa watu watatu au wanne, na mmoja miguu yake iko kando ya gia. Dereva hawezi kugeuza mkono bila kuomba radhi. Kioo cha pembeni amekizibiwa na bega la mtu. Dereva wa namna hiyo, hata akiwa na nia njema, amefungwa kama kuku aendaye sokoni.

Tatu, muziki wa kishindo. Dereva haisikii honi ya lori linalotaka kumpita, wala mlio wa chuma kinacholegea chini ya motokaa yake.

Nne, usingizi na fikra nzito. Adhuhuri, joto la uwanda likipanda, na dereva ameamka tangu alfajiri, macho yake hubaki wazi lakini akili imelala. Vivyo hivyo yule ambaye asubuhi aligombana na mkewe, au adaiwa, au ameacha mtoto mgonjwa nyumbani. Hatumlaumu kwa kuwa na huzuni. Twamwomba aijue huzuni yake kuwa ni mzigo, naye apunguze mwendo kama apunguzavyo mwenye lori zito.

Tano, usukani wa upande wa kulia. Kwetu sheria ni kushika upande wa kulia wa barabara, lakini motokaa nyingi zilizoletwa huku zilitengenezwa kwa nchi zishikazo upande wa kushoto. Dereva wa motokaa hiyo akitaka kulipita lori haoni yajayo mpaka ameitoa karibu motokaa nzima upande wa pili. Huyo ahitaji uangalifu maradufu, naye hana hata chembe ya kugawia simu.

Na waendesha pikipiki, wale tuwaitao motari? Wao hawana hata ule ukuta wa bati unaomzunguka mwenye motokaa. Lakini twawaona wakisokota simu ndani ya kofia ngumu, karibu na sikio, au wakiishika kwa mkono mmoja na mkono wa pili peke yake ukiongoza pikipiki yenye watu wawili au watatu nyuma. Jiwe moja dogo latosha kuwaangusha wote.

YALIYOTOKEA SANGE

Watu wa uwanda hawahitaji kuambiwa kwamba motokaa moja ikiiacha njia kijiji kizima chaweza kulia. Kutoka Luberizi kwenda kusini kijiji kikubwa kifuatacho barabarani ni Sange. Hapo, jioni ya Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, lori la tanki lililobeba petroli lilipinduka kando ya nyumba za watu. Zilikuwa siku za Kombe la Dunia lililochezwa Afrika ya Kusini, na wengi walikuwa wamekusanyika katika vyumba vya kuonyeshea mpira. Petroli ilimwagika. Watu, na watoto kati yao, walikwenda na ndoo na madumu kuichota. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wengine njiani, wengine ndani ya nyumba mle walimokuwa wakitazama mpira. Wafu wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja, na majeruhi walipelekwa hospitali za Uvira na Bukavu.

Hatuutaji msiba huo ili kumhukumu dereva wake. Twautaja kwa sababu unatuonyesha kipimo cha jambo tunalolisema. Dereva wa lori hudhani roho iliyo mkononi mwake ni yake mwenyewe, pengine na ya msaidizi wake. Kumbe ana mkononi kijiji kizima asichokijua hata jina. Yanayopita katika barabara zetu ni mafuta, saruji, magunia ya unga na bidhaa za mbali, vitu vizito vyote, na barabara yenyewe ni ua wa nyumba zetu.

Na kwa kuwa tumeutaja, tuseme neno moja kwa wazazi na wanafunzi: lori la mafuta likianguka, kimbieni mbali nalo, wala msilikaribie na ndoo. Funzo la Sange lilirudiwa Morogoro, nchi ya Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu wapatao 100 walikufa kwa namna ile ile, wakichota mafuta ya lori lililopinduka.

“AJALI HAINA KINGA”

Mithali hii husemwa katika kila matanga ya barabarani. Ina ukweli wake, maana mpira wa gurudumu waweza kupasuka hata kwa mtu mwangalifu, na mti waweza kuanguka. Lakini wengi huitumia kama blanketi la kufunikia uzembe. Mtu ameendesha huku akisoma ujumbe, amemwua mtoto wa watu, nasi twasema, “Ni ajali, haina kinga.” Hapana. Iliyo na sababu ijulikanayo ina kinga ijulikanayo.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu watu karibu milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani pote katika mwaka 2021. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo iliyoua wengi kupita ugonjwa wo wote. Katika kila watu 100 waliokufa hivyo, 92 walikuwa watu wa nchi zisizo tajiri, ingawa nchi hizo hazina wingi huo wa motokaa. Maana yake ni kwamba sisi tulio na motokaa chache ndio tuna makaburi mengi.

Sheria haikosekani. Nchi yetu ina sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, iliyoandikwa kabla simu za mkononi hazijaenea kwetu. Mataifa nayo yalifanya mapatano huko Vienna tarehe 8 Novemba 1968, yanayomtaka kila dereva awe na uwezo wa kuitawala motokaa yake wakati wote. Mwaka 2006 yakaongezwa maneno juu ya simu: dereva apunguze kabisa kila kazi isiyo ya kuendesha, na kila nchi ikataze simu ya kushikwa mkononi motokaa inapokwenda. Kanisa nalo halikunyamaza. Tarehe 19 Juni 2007 Roma ilitoa maongozi kwa watu wa barabarani, na ndani yake amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ile ile tuliyofundishwa tangu katekisimu: usiue. Yafaa dereva Mkristo ajiulize kama ameiungama amri hiyo vizuri, yeye asiyeshika panga wala bunduki.

Lakini sheria iliyo katika karatasi haina macho. Kati ya Bwegera na Luberizi hakuna askari kila kilomita. Sheria itakayofanya kazi hapo ni ile iliyo moyoni mwa dereva na mdomoni mwa wale walio pamoja naye.

KILA MMOJA NA SEHEMU YAKE

Dereva afanye nini? Kabla hajawasha mtambo aizime simu, au ampe msaidizi wake. Kama kuna jambo kubwa linalomngoja, asimame mahali peupe, nje ya barabara, aseme maneno yake yote, kisha aendelee. Dakika 5 za kusimama hazijapata kumfilisi mtu. Kawia ufike. Aonapo nyumba za kwanza za kijiji apunguze mwendo, na moyo wake auite urudi, kama mchungaji aitavyo mbwa wake.

Abiria afanye nini? Aseme. Wengi wetu tumezoea kunyamaza, tukidhani kumwonya dereva ni kumvunjia heshima. Si lazima kumtukana. Mama mmoja akisema kwa upole, “Mwanangu, tafadhali weka simu, tuna watoto humu ndani,” na mzee mmoja akaitikia, “Mama asema kweli,” na motokaa nzima ikaitikia, hakuna dereva atakayeshindana na watu wote. Tena wale wamsifuo dereva kwa kukimbiza motokaa, na wale wamwambiao, “Ongeza moto, tumechelewa,” wajue kwamba nao mguu wao uko juu ya mafuta.

Jamaa iliyo nyumbani ifanye nini? Isimpigie dereva aliye njiani. Hapa twasema na wake, na wazazi, na rafiki. Mapenzi yatuvuta kuuliza, “Umefika wapi?” Lakini swali hilo hilo laweza kuwa sababu asifike. Tukubaliane naye kabla hajaondoka: atapiga mwenyewe akifika Kamanyola, na tena akifika Uvira. Akichelewa, tungoje. Na ikiwa tumempigia bila kujua, naye akajibu kwamba yu njiani, tukate sisi kwanza.

Mwenye motokaa afanye nini? Huyu husahauliwa, lakini mara nyingi yeye ndiye ampigiaye dereva mara kumi kwa siku: “Umepata abiria wangapi? Fedha zangu ziko wapi? Rudi upesi.” Humwekea kiasi cha fedha cha kila siku kisichopatikana ila kwa kukimbia na kukosa usingizi. Kisha motokaa ikianguka husema, “Dereva alikuwa mzembe.” Mwajiri wa namna hiyo ajichunguze. Amlipe dereva wake kwa haki, ampe siku ya kupumzika, na amwambie wazi, “Nikikupigia uko njiani, usinijibu.”

Na sisi tuendao kwa miguu? Siku hizi vijana huvuka barabara wakitazama kioo cha simu, au masikio yameziba kwa nyimbo. Dereva mwangalifu na mwenda kwa miguu asiye mwangalifu bado waweza kufanya msiba. Walimu wawazoeze watoto kusimama ukingoni, kutazama huku na huku, kusikiliza, kisha kuvuka kwa mwendo wa kawaida bila kukimbia. Wakubwa wawashike wadogo mkono. Wanaotembea usiku wavae kitu cheupe.

Haya yote hayahitaji fedha wala wataalamu wa kutoka ng'ambo. Barabara nzuri yahitaji serikali, daraja lahitaji wahandisi, na taa zahitaji umeme. Lakini kuzima simu kwahitaji kidole kimoja. Laiti kila ajengaye maisha yake kwa usukani angekumbuka hili: wale watoto wavukao barabara ya Luberizi kwenda shuleni hawamjui jina lake wala hawajaiona sura yake, lakini asubuhi ile, kwa sekunde chache, wazazi wao wamemkabidhi yeye. Aipite Luberizi akiwa yu macho, moyo wake ukiwa njiani, na jioni watoto hao watakuwa nyumbani kwao.